Mwitaji wa Njiapanda

Hapo zamani, wakati ukungu ulikuwa na adabu kuliko watu, palikuwa na mji mlimani ulioitwa Kifinga. Sogeeni, na anayetaka kukohoa akohoe sasa, maana nikianza sipendi kukatizwa.

Kifinga ulikuwa mji wa ukungu. Ukitoka mlangoni asubuhi, huoni hata zizi lako mwenyewe. Na ardhi yake ilikuwa ya kuteleza. Kila masika kipande cha mlima kilimeguka, watu wakabomoa nyumba zao, wakabeba nguzo mabegani, wakajenga penginepo. Leo fulani anakaa karibu na kijito, masika ijayo yuko juu migombani. Kulijua jina la mtu kulikuwa rahisi. Kujua anakaa wapi ndiyo ilikuwa kazi.

Ng'ambo ya bonde, juu ya mwamba, ilikuwapo Nyumba ya Majina. Waliokaa humo walijua kila aliyehama na alikohamia, kwa sababu hakuna aliyesimamisha nguzo kabla ya kuwaarifu. Lakini bonde lilikuwa la kuchosha, na mwenye shida hana miguu ya kupanda na kushuka. Basi mji ukaweka mtu njiapanda, ndani ya kibanda chenye mlango mmoja upande wa barabara na dirisha moja upande wa bonde. Mtu huyo aliitwa mwitaji.

Kazi ya mwitaji ilikuwa hii. Unakuja mlangoni, unauliza, "Nyumba ya fulani iko wapi?" Yeye anakwenda dirishani, anaita ng'ambo. Ng'ambo wanajibu. Anarudi mlangoni, anakuambia. Na lile jibu analiweka kichwani, ili akija mwingine na swali lilelile asipasue koo tena. Anaita, anajibiwa, anakumbuka. Anaita, anajibiwa, anakumbuka. Basi.

Naona mnatabasamu. Kile kisanduku chenye vitaa mlichokibandika juu ya kabati ofisini kwenu kinafanya nini kingine? Mnaandika jina la tovuti. Chenyewe hakijui iko wapi. Kinapeleka swali mbele, kinaletewa jibu, kinawaelekeza, kisha kinalihifadhi jibu kwa ajili ya wengine. Huyo ni mwitaji aliyevikwa plastiki. Basi sikilizeni ujinga wa yule wa kwanza, kisha mtajua kama mcheke au mwende mkakiangalie chenu.

Mwitaji wa Kifinga aliitwa Kiondo. Alikuwa na sauti ya kutikisa mwamba, na akili zake zote zilikuwa zimehamia kwenye hiyo sauti. Alifundishwa kazi na Mzee Sempombe, fundi aliyefundisha waitaji wa milima yote. Miji ilimpelekea vijana, naye akairudishia waitaji, na kila alikopita alichinjiwa.

Sempombe alijua kwamba ndani ya ukungu kila mtu ni sauti tu. Akaweka desturi: kila swali liende na jina la ndege, na jibu lirudi na ndege yuleyule. Mwitaji akiita, "Kwa njiwa! Nyumba ya mhunzi iko wapi?" basi jibu la kweli litaanza na njiwa. Jibu lenye ndege mwingine ni la mhuni, litupwe. Desturi nzuri, sikatai. Lakini Sempombe akafundisha ndege watatu tu: njiwa, kanga na kunguru. Milima ile ilijaa ndege mpaka watoto hawakulala asubuhi, na fundi mkuu akachagua watatu! Alipoulizwa, akasema, "Ndege wengi watawachanganya. Miji inataka waitaji, haitaki wasomi."

Sasa katika mji wa jirani palikuwa na mwanamke aitwaye Naetwe, mwitaji naye, aliyefundishwa na Sempombe huyohuyo. Naetwe alikuwa na ugonjwa mmoja: kila alichoambiwa kiko salama, alitaka kukitikisa aone. Siku moja akaja Kifinga na rafiki yake. Rafiki akaenda mlangoni kwa Kiondo kuuliza nyumba ya Mfumwa, mtawala wa mji. Naetwe akashuka bondeni, akajificha kwenye majani marefu ya makangaga chini ya dirisha. Upepo wa bonde lile hupanda juu, kwa hiyo aliye chini hasikii mwitaji ametaja ndege gani, ila sauti yake mwenyewe hupanda vizuri mpaka dirishani. Kiondo akaita. Kabla watu wa ng'ambo hawajavuta pumzi, Naetwe akapaza sauti:

"Kanga! Iko nyuma ya choo cha soko! Kunguru! Iko nyuma ya choo cha soko! Njiwa! Iko nyuma ya choo cha soko!"

Mtu mwenye kichwa shingoni angejiuliza kwa nini jibu moja linakuja na ndege watatu. Kiondo hakujiuliza. Alitupa mawili yasiyolingana, akapokea moja lililolingana, akashukuru kwa heshima zote. Jibu la kweli lilipofika kutoka ng'ambo, akalipungia mkono. "Nimeshajibiwa!" akasema. Siku hiyo wageni wote wa Mfumwa walielekezwa chooni, wakiwamo wakwe zake waliokuja na mbuzi wa posa.

Mji mzima ulicheka wiki nzima. Kucheka waliweza.

Naetwe hakucheka. Alikwenda kwa Sempombe, akapiga magoti. "Shikamoo, mzee. Waitaji wako wanadanganyika. Wafundishe ndege wengi. Waambie wasipokee sauti ya kwanza kwa kuwa ni ya kwanza. Leo ni choo, kesho itakuwa kaburi."

"Marahaba, mwanangu," akasema Sempombe. "Umefanya vizuri kuja kimyakimya. Niachie mimi."

Akamwachia. Masika ikapita. Naetwe akarudi. "Mzee, vipi lile?"

"Niachie, mwanangu. Mambo makubwa hayaendi mbio."

Akamwachia. Masika nyingine ikapita. Safari hii Naetwe hakurudi kwa mzee. Alikwenda gulioni, siku watu wamejaa mpaka wanakanyagana, akapanda juu ya gunia la maharage, akasema yote. Alisema ndege ni watatu. Alisema upepo unapandaje. Akaonyesha kwa kidole yalipo yale makangaga. Hakubakiza kitu.

Kelele zilizopigwa siku hiyo! Na Mzee Sempombe, ambaye masika mbili hakupata nafasi, kabla ya gulio lililofuata alikuwa na ndege wa kujaza msitu: hondohondo, tai, mwewe, kwezi, mpaka wengine hata mimi siwajui. Kumbe walikuwapo! Akatuma watu kila mji: waitaji waje wafundishwe upya. Waitaji wakaenda, wakajifunza, wakarudi kwenye madirisha yao. Kiondo wa Kifinga hakwenda.

Na pale gulioni, miongoni mwa waliosikiliza, alikuwapo mtu mmoja anakula kiazi kitamu cha kuchemsha. Alikuwa Mavura, mganga wa mifupa wa kujipachika, aliyeunganisha mifupa kwa maneno zaidi ya mikono. Wagonjwa hawakwenda kwake. Walikwenda kwa Bibi Namsifu, mwunga mifupa wa kweli. Mavura akamaliza kiazi chake, akafuta mikono, akaondoka taratibu.

Aliposikia waitaji wote wamefundishwa upya isipokuwa wa Kifinga, akafika mlangoni kwa Kiondo. "Ndugu mwitaji, nyumba ya Bibi Namsifu iko wapi? Niulizie, mimi nakwenda haja hapo chini mara moja."

Kiondo hakumuuliza wewe nani, umetoka wapi, unaumwa nini. Kwa Kiondo, yeyote mwenye mdomo alikuwa na haki ya kuuliza. Akaenda dirishani, akaita. Mavura alikuwa tayari kwenye makangaga.

"Kanga! Amehamia chini ya korongo, mlango wa pili, na hatahama mpaka masika mbili zipite! Kunguru! Amehamia chini ya korongo..." Mnajua yaliyobaki. Na desturi ilikuwa kwamba jibu likitaja muda wake, mwitaji analishika kwa muda huo. Kiondo akalishika. Jibu la kweli likaja, akalipungia mkono. "Nimeshajibiwa!"

Tangu siku hiyo kila aliyevunjika Kifinga alikwenda chini ya korongo, mlango wa pili, kwa Mavura. Bibi Namsifu alikaa nyumbani na vibanzi vyake vya kufungia mifupa vimepakwa mafuta, akidhani watu wamejifunza kutembea.

Alikuwapo mfinyanzi aliyeitwa Nakundwa. Mji mzima ulipikia vyungu vyake. Hakuwa na kipimo wala kielelezo. Alizungusha udongo kwa kiganja cha kulia, na chungu kikatoka kimekamilika mpaka mdomo wake. Siku moja anapanda kutoka kijitoni na udongo kichwani, akateleza, mkono ule ukavunjika juu ya kifundo. Mumewe, Senkoro, akambeba mgongoni, akakimbia naye mpaka njiapanda.

Kiondo hakufika hata dirishani. "Bibi Namsifu? Chini ya korongo, mlango wa pili." Alijisikia hodari kwa kujibu upesi.

Wakafika. Sasa kulikuwa na jambo moja ambalo kila mtoto wa Kifinga alilijua. Watu wa Nyumba ya Majina walimsukia kila mganga wa kweli kisuko cha ukindu cha kutundika mlangoni, na namna ile ya kusuka hakuna mwingine aliyeiweza. Mlango usio na kisuko, geuka. Walifundishwa hivyo kabla ya kufundishwa kunawa.

Mlango wa Mavura haukuwa na kisuko.

"Kisuko kiko wapi?" Senkoro akauliza.

"Kililowa mvua, shemeji," akasema Mavura. "Nimekipeleka kikasukwe upya. Bibi Namsifu katoka kidogo, mimi ni mwanafunzi wake. Mlete ndani, au unataka afie kizingitini?"

Nakundwa, macho yamefumba kwa maumivu, akanong'ona mgongoni. "Baba Kajiru, umekiona kisuko?"

Senkoro akautazama tena mlango mtupu. Kisha akasema, "Kipo," akaingia.

Mavura akaufunga mkono kwa kamba za katani, akakaza kama anayefunga mzigo wa kuni, akasema usifunguliwe mpaka yeye aseme. Vidole vikavimba. Vikawa vyeusi. Harufu ilipoanza, dada yake Nakundwa hakumuuliza mwitaji. Alivuka bonde kwa miguu yake, akafika Nyumba ya Majina, akauliza ana kwa ana, akaelekezwa kwa Bibi Namsifu. Bibi Namsifu akaja, akafungua kamba, akaangalia, akakaa chini.

"Mfupa huu ulikuwa rahisi," akasema. "Ningeuunga huku napiga soga. Sasa, mwanangu, sina cha kuunga."

Mkono ukakatwa juu ya kifundo. Nakundwa hakulia wakati unakatwa. Alilia siku ya tatu, alipojisahau akataka kukanda udongo.

Mavura alitafutwa. Ndani ya ukungu mtaenda kutafuta sauti? Alikwisha potea, na ndiyo kawaida yao. Sijasikia bado hadithi ya namna hii ambayo mwizi alingoja.

Lakini Kifinga walikuwa na sheria: anayemkosesha mtu kiungo, atakuwa kiungo hicho. Kila alfajiri atakwenda kwa aliyemkosesha, akande atakapoambiwa akande, abebe atakapoambiwa abebe, mpaka mmoja wao aingie kaburini. Na kwa kuwa mtu mmoja tu ndiye huweza kuwa mkono mmoja, lazima achaguliwe mmoja. Mfumwa akaketi kwenye kigoda chake, watu wakajaa, washitakiwa wakaletwa.

Akasimama Mzee Sempombe. Akasema: "Kosa si langu. Ni mimi niliyeweka desturi ya ndege. Bila mimi mngekuwa mnapokea jibu la kila mlevi. Ndege walikuwa wachache, nakubali. Nikaongeza. Nikatuma watu mpaka hapa kwenu. Dawa nimeleta mlangoni, mgonjwa hakuinywa. Mnataka nimshike pua?"

"Masika mbili, mzee!" mtu akapiga kelele kutoka nyuma. Sempombe akajifanya hamnazo.

Akasimama Naetwe. Akasema: "Kosa si langu. Mimi niliona shimo nikasema hapa pana shimo. Nilisema kwa adabu, nikaambiwa niache. Nikaacha. Nilisema tena, nikaambiwa niache. Niliposema kwa sauti, miji yote ya jirani iliziba mashimo yake, na huko hakuna aliyekatwa mkono. Ningenyamaza, ndege wangekuwa watatu mpaka leo."

"Na Mavura angejulia wapi?" akauliza dada yake Nakundwa. "Ulishindwa kusema kuna shimo bila kumwonyesha mwizi ngazi? Hata makangaga uliyaonyesha kwa kidole!"

Naetwe akasema kwa sauti ndogo, "Ningesema nusu, mngesema nimezua."

Akasimama Kiondo. Akasema: "Kosa si langu. Mimi ni koo tu. Nilifundishwa ndege watatu, nikaita kwa ndege watatu. Sikufundishwa kushuku. Na nilitaka kwenda kujifunza upya, niliomba ruhusa."

"Ukakatazwa na nani?" akauliza Mfumwa kwa ukali.

Kiondo akaangalia vidole vyake vya miguu. Mfumwa akakumbuka. Akakohoa. "Haya, haya, keti. Anayefuata."

Akasimama Senkoro. Huyu hakusema kosa si langu. Alimgeukia mkewe.

"Mama Kajiru, uliniuliza kama nimekiona kisuko. Nikasema kipo. Hakikuwapo."

Nakundwa alikuwa hajui. Alikuwa amelala kitanda kimoja na jambo lile na hakulijua.

"Ulikuwa unalia sikioni mwangu," akasema Senkoro. "Sikuweza kugeuka nikuzungushe tena kwenye ukungu. Na mwitaji alikuwa amesema ni hapo. Mwitaji wa mji! Nani anambishia mwitaji? Sikukuvunja mkono na wala sikuufunga. Lakini kipo nilisema mimi."

Nakundwa akamtazama. Hasira ilimpanda, na mapenzi hayakuondoka, na hivyo viwili vikagombana usoni pake mbele ya mji mzima.

Mfumwa akanyanyua usinga wake ili ahukumu. "Tumewasikia wote wanne," akaanza.

"Watano," akasema Nakundwa.

"Mama, wako wanne."

"Mfumwa, Kiondo aliomba ruhusa kwako. Ulimwambia nini?"

Pale hapakuwa na mahali pa kujificha, hata ukungu siku hiyo ulikuwa umekwenda zake. Mfumwa akasema: "Nilimwambia dirisha lisifungwe. Na ningesema hivyo tena! Siku ambayo Kiondo hayupo, aliyeumwa na nyoka atamuuliza nani? Mjamzito atamuuliza nani? Mnasema mkono mmoja. Mimi nilikuwa na mji mzima wa kufikiria."

"Mwenzako wa mji wa pili alimweka mtu mwingine dirishani," akasema Naetwe. "Siku nzima. Hakufa mtu."

"Sikuulizwa wewe," akasema Mfumwa, lakini usinga ulikuwa umeshashuka.

Nakundwa akasimama. "Shuka kwenye kigoda, Mfumwa, usimame na wenzako." Na Mfumwa, msiniulize kwa nini, akashuka. Wakasimama watano kwenye mstari: aliyefundisha kidogo, aliyetangaza yote, aliyeamini kila sauti, aliyesema kipo, na aliyekataa dirisha kufungwa. Kila mmoja akimtazama wa pembeni yake. Kigoda kikabaki kitupu, na hapakuwa na wa kuhukumu.

"Udongo wangu umelowekwa," akasema Nakundwa. "Nina vyungu vya arusi ya watu na mkono mmoja. Maneno yenu nimeyasikia, ni mazuri, hayakandi. Kesho alfajiri nitafungua mlango. Nataka nimkute mmoja amesimama pale."

Akaenda nyumbani kwake.

Hadithi hii nimewasimulia mafundi wa mitambo, wakasema ni Mfumwa. Nimewasimulia wakubwa wa ofisi, wakasema ni fundi Sempombe. Nimewasimulia waliouza vile visanduku, wakasema ni yule mwanamke mwenye mdomo. Sijapata mkutano ambao mtu alijinyooshea kidole mwenyewe, na sitarajii kuupata leo. Msinitajie Mavura, Mavura hayupo, na hata angekuwapo, nani angemkabidhi mkono wa mwenzake mara ya pili?

Basi kunakucha Kifinga. Nakundwa amekwisha amka, ameshika komeo kwa mkono wa kushoto. Semeni upesi kabla hajafungua: kati ya hawa watano, nani alistahili kukutwa mlangoni?